Mbuzi ipo au yupo? Programu ya kompyuta inapofika ugenini

(Haya ni mazungumzo yaliyosomwa redioni juma hili. Tunayachapa kwa ajili ya wale waliokosa kuyasikia na wale wanaopenda kuyahifadhi.)



Juzi jioni nilikuwa kituo cha Mwenge nikingoja daladala. Kijana mmoja mwenye mkoba wa kompyuta mgongoni akanisogelea, akaniamkia, "Shikamoo, mzee." Nikamwitikia. Akasema ameitambua sauti yangu nilipomwuliza kondakta kama gari lake linafika Posta.

"Mzee, nina swali la siku nyingi," akasema. "Nikichukua programu ya bure ili niijenge mwenyewe kwenye kompyuta yangu, naandika amri moja tu. Mara mistari inaanza kupita, mamia kwa mamia: inatafuta hiki, ipo, inatafuta kile, haipo. Mimi husubiri imalizike, basi. Je, ile mistari inanihusu?"

Gari likaja kabla sijamjibu, na mnajua wenyewe daladala za saa kumi na moja jioni hazimngoji mtu. Namjibu leo, mbele yenu nyote, kwa sababu jambo lenyewe linamgusa hata yule ambaye hajapata kujenga programu maishani mwake.

Tuanze jikoni. Fikirini mama mpishi wa shughuli, aliyezoea kupika Kariakoo, ameitwa kupika harusi Tandika. Vyombo si vyake, jiko si lake. Anaweza kuuliza, "Hii ni nyumba ya nani?" Akitajiwa jina anasema, "Aa, hao nawajua, wana majiko mawili ya mkaa na sufuria kubwa." Hapo amekisia kwa jina. Au anaweza kuingia jikoni mwenyewe, akawasha jiko, akatia maji katika sufuria aone kama inavuja. Hapo amepima.

Kuna na hatari nyingine. Mama yule anaweza kusimama mlangoni akauliza, "Mbuzi kuna?" Mtoto wa nyumba akajibu, "Kuna, mama." Mpishi akaagiza nazi hamsini. Baadaye anaingia uani anakuta mbuzi kafungwa chini ya mwembe, analia. Cha kukunia nazi hakipo. Jina ni lile lile, jibu halikuwa la uongo, lakini wali wa nazi haupikiki.

Mkiushika mfano huo, mmekwisha kulielewa nusu ya jibu. Programu ya kompyuta ni mpishi wa shughuli. Haifanyi kila kitu yenyewe. Kompyuta huwa na mfumo unaoiendesha, na mfumo huo huwa na maktaba ya kazi ndogo ndogo zilizokwisha kuandikwa: kufungua faili, kunakili maneno, kusoma saa, kueleza kosa lililotokea. Mafundi huziita fanksheni. Programu huita fanksheni kwa jina, kama mpishi anavyosema, "Nipe mwiko." Taabu ni kwamba jiko la mfumo mmoja si jiko la mwingine.

Imekuwaje hivyo? Mfumo wa Unix, ambao ni babu wa mifumo mingi tunayoitumia leo, ulianza mwaka 1969 katika maabara za Bell, huko Marekani. Vyuo vikuu na makampuni waliuchukua, na kila aliyeuchukua aliugeuza kidogo. Kufikia miaka ya 1980 kulikuwa na koo mbili kubwa: ukoo wa Chuo Kikuu cha California pale Berkeley, na ukoo wa kampuni ya AT&T ulioitwa System V. Chini yake wakaja wauza kompyuta, akina Sun, HP, IBM na Digital, kila mmoja na Unix yake.

Chukueni jambo dogo kama kutafuta herufi katika mstari wa maneno. Kwa watu wa Berkeley fanksheni hiyo iliitwa "index". Kwa watu wa System V iliitwa "strchr". Kazi moja, majina mawili. Kunakili kipande cha kumbukumbu kulikuwa na fitina zaidi: "bcopy" ya Berkeley hutajiwa kwanza mahali pa kutoa, kisha mahali pa kuweka, "memcpy" hutajiwa kwanza mahali pa kuweka, kisha mahali pa kutoa. Ukizichanganya, unafuta kile ulichotaka kukihifadhi.

Waandishi wa programu walijaribu kwanza njia ya kukisia kwa jina. Waliandika: ikiwa kompyuta ni ya Sun, fanya hivi, ikiwa ni ya HP, fanya vile. Njia hiyo ilionekana nzuri mpaka mwenye nyumba alipobadilisha jiko bila kubadilisha jina. Sun wenyewe ni ushahidi. Mfumo wao wa SunOS toleo la 4 ulikuwa wa ukoo wa Berkeley. Mwaka 1992 wakatoa Solaris 2, ambayo ndani yake ni SunOS toleo la 5, nayo ni ya ukoo wa System V. Jina la kampuni lile lile, ukoo mwingine kabisa. Programu iliyosema "hawa nawajua" ikaumbuka.

Ndipo watu wakageukia kupima. Mwaka 1984 Larry Wall, ambaye baadaye aliitunga lugha ya Perl, alitoa programu ya kusomea habari iitwayo rn pamoja na hati iliyoichunguza kompyuta kwanza kabla ya kujenga. Kisha mwaka 1991 akaja David MacKenzie, aliyekuwa akitunza programu nyingi ndogo za mradi wa GNU. Kila aliyetaka kuzijenga alilazimika kuchagua mwenyewe, kwa mkono, vitu kama ishirini kuhusu kompyuta yake. Nani anayejua majibu ishirini ya namna hiyo? MacKenzie akatengeneza chombo kiitwacho Autoconf, ambacho humwandikia mwenye programu hati ya kuichunguza kompyuta. Ile mistari inayopita mbele ya yule kijana, mara nyingi ni kazi ya Autoconf au ya ndugu zake waliokuja baadaye, kama CMake na Meson.

Sasa sikilizeni jinsi hati hiyo inavyofanya kazi, maana ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Ikitaka kujua kama fanksheni fulani ipo, haitafuti katika orodha yoyote. Huandika programu ndogo, ya mistari michache tu, inayoiita fanksheni hiyo. Huikabidhi kwa kompaila, yaani chombo kinachogeuza maandishi ya mtu kuwa amri za mashine, na kujaribu kuiunganisha na maktaba. Ikikubali, hati inaandika "ipo". Ikikataa, inaandika "haipo". Kisha inaifuta programu ile ndogo na kwenda kwa inayofuata. Majibu yote hukusanywa katika faili moja, na programu kubwa hujengwa kwa kulifuata faili hilo: penye "ipo" inatumia cha mwenyeji, penye "haipo" inatumia chake ilichokuja nacho, au inaiacha shughuli hiyo kabisa.

Hata hivyo "ipo" haitoshi, kama alivyojionea mama yetu na mbuzi. Iko fanksheni "strerror_r", ambayo kazi yake ni kukupa maelezo ya kosa kwa maneno. Kwa kanuni za POSIX, unaipa karatasi, inaandika maelezo juu ya karatasi hiyo, kisha inakurudishia namba ya kusema kama imefaulu. Kwa maktaba ya GNU, ambayo ndiyo ya Linux nyingi, iko aina ya pili yenye jina lile lile: inakurudishia mahali maelezo yalipo, na huenda isiiguse karatasi yako hata kidogo. Programu ikidhani namba ni mahali, inaanguka. Kwa hiyo hati nzuri haiulizi tu kama strerror_r ipo. Inauliza ni ipi.

Mara nyingine jina ni sahihi na aina ni sahihi, lakini chombo chenyewe ni kibovu. Katika SunOS 4.1.3 fanksheni ya "memcmp", inayolinganisha vipande viwili vya kumbukumbu kusema kipi kikubwa, ilikosea kwa alama zenye thamani ya juu ya 127. Herufi za kawaida za Kiingereza haziko huko, hivyo mtu angeweza kuitumia siku nyingi asione kitu, mpaka aipe data ya aina nyingine. Kosa kama hilo haligunduliki kwa kujenga tu. Lazima programu ndogo iendeshwe, ipewe hesabu ambayo jibu lake linajulikana, na jibu litazamwe. Ndiyo kuwasha jiko. Na kama unajenga programu kwenye kompyuta ya mezani ili ikatumike kwenye simu au kifaa kingine chenye ubongo wa namna nyingine, huwezi kuiendesha hapo ulipo. Hapo hati hulazimika kukisia, au kuambiwa na mtu anayejua.

Mpaka hapa nimezungumzia "ipo". Lakini kilichonifanya nichukue muda wenu leo ni lile neno la pili, "haipo".

Niwasimulie kosa langu mwenyewe. Mwaka 1998 nilikuwa natunza kompyuta za ofisi moja hapa mjini. Nilijenga programu ya kupokea barua za kompyuta. Mistari ikapita, nami nikaenda kunywa chai. Niliporudi ilikuwa imemalizika, programu ikajengwa, ikafanya kazi. Baada ya majuma mawili watumishi wakaanza kulalamika: barua zimekatika katikati, nyingine zimeingiliana, mwanzo wa barua ya mhasibu unafuatwa na mwisho wa barua ya meneja. Nyingine hazikuonekana tena. Mkuu wangu aliniuliza mbele ya wenzangu, "Ndugu, hizi barua umezipeleka wapi?" Sikuwa na la kumjibu.

Usiku ule nilifungua faili la kumbukumbu ambalo hati ile huliacha nyuma, liitwalo config.log. Ndani yake kila jaribio limeandikwa pamoja na sababu ya kushindwa. Nikakuta kwamba fanksheni ya kufunga faili, ile inayozuia watu wawili wasiandike mahali pamoja kwa wakati mmoja, ilitajwa "haipo". Na sababu yake? Si kwamba haikuwepo. Ilikuwepo. Sehemu ya diski ambayo kompaila huweka karatasi zake za muda ilijaa kwa dakika chache, hapo hapo wakati jaribio lile likifanywa. Kompaila ilishindwa kuandika, hati ikaona kushindwa, ikaandika "haipo". Mimi nilikuwa nakunywa chai.

Tazameni tofauti hii vizuri. Hati ile inajua kitu kimoja tu: jaribio limefaulu au limeshindwa. Likifaulu, tunayo sababu nzuri ya kuamini. Likishindwa, sababu zinaweza kuwa nyingi. Huenda fanksheni haipo kweli. Huenda diski imejaa. Huenda aliyeandika jaribio alikosea. Zote hizo zinatoka kwenye mdomo mmoja na neno moja: haipo. Na ubaya wake ni kwamba programu haisimami ikalia. Inajengwa kimya kimya, ikiwa imepungukiwa.

Mtasema hayo ni ya zamani. La, hasha. Lugha ya C, ambayo ndiyo ya majaribio hayo, zamani iliruhusu kuita fanksheni bila kuitambulisha kwanza. Kanuni za mwaka 1999 zilipiga marufuku, lakini kompaila ziliendelea kuvumilia kwa miaka zaidi ya ishirini. Uvumilivu ukakoma kwa Clang 16 mwaka 2023, na kwa GCC 14 mwaka 2024. Hebu fikirini: majaribio yaliyoandikwa mwaka 1993 kwa mtindo wa mwaka 1993 yanapewa kompaila mpya. Kompaila inayakataa, si kwa sababu fanksheni haipo, bali kwa sababu jaribio lenyewe limeandikwa kizamani. Jibu likawa "haipo" kwa vitu vilivyokuwepo miaka yote. Watengenezaji wa Fedora, mmoja wa mifumo ya Linux, ilibidi wapitie vifurushi vingi kabla ya kupokea kompaila hiyo, kutafuta mahali ambapo majibu yangegeuka bila mtu kujua.

Na palipo na mlango usio na mlinzi, mwizi hakosi kupaona. Mwaka huo huo wa 2024, tarehe 29 Machi, mhandisi mmoja wa Microsoft aitwaye Andres Freund aliutangazia ulimwengu jambo la kutisha. Alikuwa ameona kwamba kuingia kwenye kompyuta kwa njia ya ssh, ambao ndio mlango wa mafundi wa kompyuta za mbali, kunachelewa kama nusu sekunde kuliko kawaida. Nusu sekunde tu. Akafuatilia, akakuta kwamba programu ya xz, inayobana mafaili na inayopatikana karibu katika kila Linux, imewekewa mlango wa siri katika matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1. Aliyeuweka alijiita Jia Tan, na alikuwa ameusaidia mradi huo kwa zaidi ya miaka miwili mpaka akaaminiwa.

Aliuficha wapi? Sehemu muhimu aliificha ndani ya mistari ya maandalizi, ile ile ya ukoo wa Autoconf. Katika hazina ya wazi ya mradi, ambako kila mtu angeweza kutazama, mistari hiyo haikuwemo. Ilikuwemo tu katika vifurushi vilivyogawiwa kwa watu. Wakati wa kupima kompyuta, ilichimbua sumu iliyofichwa ndani ya mafaili yaliyodaiwa kuwa ya majaribio. Alipachagua pale kwa kuwa alijua tabia yetu: sote hungoja imalizike.

Na alifanya jambo la pili, dogo, ambalo mimi huliona kuwa ndilo fundisho kubwa. Linux, tangu toleo la 5.13 la mwaka 2021, ina ulinzi uitwao Landlock, ambao huiwezesha programu kujifungia yenyewe chumbani isiguse mafaili yasiyoihusu. Programu ya xz ilikuwa ikipima kama ulinzi huo upo, ili iutumie. Ndani ya jaribio hilo, kwa wale wanaojenga kwa CMake, Jia Tan aliingiza mstari wenye nukta moja. Nukta tu, kama ile ya mwisho wa sentensi. Kompaila haikubali nukta iliyokaa pekee namna hiyo, kwa hiyo jaribio lingeshindwa katika kila kompyuta, hata ile yenye Landlock kamili. Jibu likawa "haipo", na xz ikajengwa bila ulinzi, bila malalamiko yoyote. Mradi uliiondoa nukta hiyo mara tu kashfa ilipofichuka.

Bahati yetu ni kwamba matoleo yale yenye mlango wa siri yalikuwa bado hayajaingia katika matoleo imara ya mifumo mikubwa kama Debian na Red Hat. Yalikuwa katika matoleo ya majaribio. Lakini kompyuta zinazohifadhi kumbukumbu za ofisi, vyuo na biashara duniani, nasi tukiwemo, nyingi zinaendeshwa na Linux. Juma chache zaidi za kimya zingetosha kufungua milango isiyohesabika.

Sasa nimgeukie yule kijana wangu wa Mwenge. Mwanangu, uliuliza kama mistari ile inakuhusu. Inakuhusu. Sisemi uisome yote, maana hata mafundi hawaisomi yote. Nasema mambo matatu.

Kwanza, kama kuna kitu ambacho programu yako haiwezi kufanya kazi vizuri bila hicho, kwa mfano ulinzi au kufunga faili, usiiachie hati iamue. Hati nyingi zinakuruhusu kuiambia mapema: hiki nakitaka kwa lazima. Hapo jaribio likishindwa, ujenzi unasimama na kukueleza. Afadhali mpishi anayesema "siwezi kupika leo" kuliko anayepakua wali mbichi.

Pili, hifadhi majibu ya safari iliyopita. Ukijenga toleo jipya, au ukibadilisha kompaila, linganisha majibu ya jana na ya leo. Kilichokuwa "ipo" kikageuka "haipo" ndicho cha kufuatilia.

Tatu, ukikuta "haipo" usiyoitarajia, fungua config.log usome sababu. Utatofautisha upesi maneno yanayosema fanksheni haikuonekana kwenye maktaba, na yale yanayosema maandishi ya jaribio yana kosa. Hilo la pili si jibu kuhusu kompyuta yako hata kidogo. Ni jibu kuhusu jaribio.

Sisi wengine tusiojenga programu tunalo la kujifunza pia. Kupima ni bora kuliko kukisia, na hilo mafundi wa miaka ya 1980 walilijua vyema. Lakini kipimo nacho ni kazi ya mkono wa mtu. Huchakaa, huharibika, na huweza kuharibiwa kwa makusudi. Mama mpishi akiambiwa jiko haliwaki, kabla ya kulitupa huuliza kama mkaa umelowa.

Kijana, kama unanisikiliza, siku nyingine tukikutana kituoni nitakuja mapema ili tuzungumze kabla gari halijafika.

Kwa leo naishia hapa. Tukutane juma lijalo, Mungu akipenda. Kwaherini.